Kisa: "mato una cebra", au jinsi silabi na mkazo vilivyomvuruga mwongoza watalii kwenye vitenzi vya Kihispania

## Mhusika na mazingira

Huyu ni mama mmoja anaongoza watalii kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanzania. Jina, kampuni na mji nimeviondoa, na kwenye sentensi kadhaa nimebadilisha mnyama au mahali ili asijulikane, ila makosa yenyewe nimeyaacha yalivyokuwa na mwenyewe amekubali yaandikwe. Kiswahili ndo lugha aliyokulia, Kiingereza cha kazini anacho, Kihispania alianza peke yake kwa simu halafu akanunua kitabu cha majedwali ya vitenzi, vile vyenye kurasa na kurasa za hablo hablas habla (naongea, unaongea, anaongea), akakikariri kweli kweli. Alipokuja kwangu alikuwa ashaanza kupewa wageni wanaoongea Kihispania.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, muundo wa kitenzi cha Kihispania kidogo. Sisi kwenye Kiswahili mizigo mingi tunaipakia mbele: a-li-wa-on-a, nani, lini, kina nani, halafu ndo mzizi. Wao wanaipakia nyuma. Cruzaban, yaani "walikuwa wanavuka", ni cruz- ambao ni mzizi, -a- inayoonyesha kitenzi ni cha kundi la -ar (vile vinavyoishia -ar, kama cruzar, kuvuka), -ba- ya wakati, na -n ya wao. Mtu wa Kiswahili hili halimshtui hata kidogo, kashazoea neno moja kubeba sentensi nzima, na mwanafunzi wangu alilishika siku ile ile.

Shida ni kwamba mipaka ya hivyo vipande sio mipaka ya silabi. Kwa vipande ni cruz-a-ba-n ila mdomoni ni cru-za-ban. Hablamos kwa vipande ni habl-a-mos, mdomoni ni ha-bla-mos, maana b na l zikifuatana Kihispania hakizitenganishi, sawa na pr, br, tr, dr, cr, gr, fr, pl, cl, gl na fl. Hata sisi tunayo hiyo, mzizi ni -som- lakini hamna anayetamka som-a, tunasema so-ma. Tofauti ni kwamba kwetu mkazo haujali vipande, unahesabu silabi kutoka mwisho unakaa kwenye ya pili, ukiacha maneno machache tu. Kwenye kitenzi cha Kihispania mkazo unakaa kwenye kipande flani, mara mzizi, mara irabu ya kundi, mara mwisho kabisa, na mara nyingi ni hicho kikao chake peke yake kinachosema ni nani na ni lini.

## Kilichotokea

Asubuhi moja yuko na kundi la Wahispania, wamekuta mabaki ya pundamilia karibu na barabara. Alikuwa ashawaeleza habari za simba dume wa eneo lile, sasa akaendelea bila kumtaja tena, kitu ambacho Kihispania kinaruhusu vizuri tu: "Anoche llego hasta aquí, espero en la hierba y mato una cebra." Alikuwa anataka kusema jana usiku alifika mpaka hapa, akasubiri kwenye nyasi, akaua pundamilia. Hiyo ingekuwa llegó, esperó, mató, mkazo kwenye ó ya mwisho. Yeye aliweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa vyote vitatu, kwa hiyo wageni walichosikia ni "jana usiku nafika mpaka hapa, nasubiri kwenye nyasi na namuua pundamilia". Mzee mmoja akamuuliza "¿Usted?" ("Wewe?") na gari zima likaangua kicheko. Naye akacheka ila hakujua anachekea nini.

Hilo lilikuwa la kuchekesha. La pili halikuchekesha. Mgeni mmoja kachelewa, yeye anataka kumwambia "nilisubiri hotelini", esperé en el hotel, akasema espere en el hotel, ambayo ni amri ya heshima: subiri hotelini. Mgeni akarudi hotelini kusubiri. Muda ukapotea, mtu akanuna. Halafu ikaja meseji ya simu, ameandika bila alama za mkazo kama wengi tunavyoandika haraka haraka, "llego a las 6", yeye anaripoti kwamba mgeni alifika saa sita kamili kwa saa yao (kwetu saa kumi na mbili), aliyepokea akaelewa ni yeye mwongozaji ndo anakuja muda huo.

Akaja kwangu na jibu lake tayari mkononi: "Ticha, wakati uliopita umenishinda, naomba turudie majedwali yote." Nikampa karatasi aandike wakati uliopita wa vitenzi kadhaa, maté mataste mató, esperé esperaste esperó, akajaza vyote sawa, na alama zimekaa mahali pake. Yaani sarufi anaijua. Kichwani kuna mató, mdomoni inatoka mato.

Nikamwomba anirekodie kwa WhatsApp ile hadithi ya simba na nyingine ya nyumbu wanavyovuka mto, aongee kama yuko kazini, asisome. Kuzisikiliza zile sauti ndo kulibadilisha mwelekeo wote, maana makosa hayakufuata wakati wala kundi la kitenzi. Hizo (hii ni hizo ya Kihispania, "alifanya"), dijo, puso, vino, tuvo, pudo, ambavyo kila kitabu kinaviita vitenzi vya fujo, alivisema bila kosa. Había, comían, bebían, vivían, safi. Llegaron, cruzaron, safi. Envío, continúo, safi. Halafu mató, bebió, salió vikaharibika, cambio ikaharibika, estudio ikaharibika, síganme ikaharibika, nadábamos ikaharibika vibaya. Vigumu anaviweza, vyepesi vinamshinda, na kwa mwalimu anayefuata mpangilio wa kitabu huyu mwanafunzi haeleweki kabisa.

Anaeleweka ukikumbuka Kiswahili. Sheria zetu mbili zinatosha kutabiri karibu kila kosa alilofanya. Ya kwanza, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Ya pili, kila irabu inayoandikwa ni silabi yake, ki-a-tu, mi-a-ka, u-a. Chukua dijo, di-jo, mkazo kwenye di, Kiswahili kinampa bure. Chukua había, ha-bí-a, silabi tatu, mkazo kwenye bí, bure tena. Sasa mató, ma-tó, mkazo uko mwisho, Kiswahili kinauvuta nyuma unakuwa ma-to. Na cambio hapo ndo patamu. Wahispania wanaitamka silabi mbili, cam-bio, mkazo kwenye cam. Yeye anasikia silabi tatu, ka-mbi-o (na hata ule mpaka wa m na b ni wa kwetu, sisi tunasema ka-mba, wao wangesema kam-ba), kwa hiyo mkazo unaangukia bi: cambío. Estudio inakuwa estudío. Limpio inakuwa limpío. Wala hajakosea kuhesabu, kahesabu vizuri kabisa kwa hesabu ya kwao.

## Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza, majedwali yawekwe pembeni. Mtu anayejaza jedwali sawa hana cha kupata kwa kulijaza tena, na jedwali linaficha tatizo kwa sababu linavipanga vitenzi kwa wakati na nafsi, wakati makosa yake yanajipanga kwa mahali pa mkazo. Tukachukua vitenzi anavyovitumia kazini, kuvuka, kunywa, kulala, kuwinda, kufika, kusubiri, tukavigawa upya: vinavyokuja bure kwa Kiswahili, vyenye mkazo mwisho, vyenye mkazo wa tatu kutoka mwisho. Vya bure tukaviacha, hamna haja ya kupoteza muda na hizo na dijo kwa sababu tu kitabu kimewatengea sura nzima.

La pili, nilitaka aamini kwamba mkazo peke yake unabadilisha maana, maana alikuwa anaona kama ni suala la lafudhi tu, watu watamwelewa. Hapo Kiswahili chenyewe kikasaidia. Barabára ni njia ya kupita magari, barábara ni sawasawa kabisa. Herufi zile zile. Akanyamaza kidogo akasema "kumbe na sisi tunayo", kisha yeye mwenyewe akaanza kutafuta jozi za Kihispania: hablo na habló, hable na hablé, hablara na hablará, na zile za tatu tatu zinazowatoa watu jasho, término (mwisho, au istilahi), termino (namaliza), terminó (alimaliza), na límite, limite, limité.

La tatu ni la irabu zinazokutana, na hili ndo lilikula muda mwingi. Kihispania kinagawa irabu kwenye nguvu, a e o, na dhaifu, i u. Mbili za nguvu zinatengana, le-er, ca-er. Dhaifu isiyo na mkazo ikikaa na yenye nguvu zinaungana silabi moja, wanaita diftongo, be-bió, pue-do, tie-ne. Dhaifu ikibeba mkazo yenyewe inajitenga, wanaita hiato, na inapigwa alama, be-bí-a, en-ví-o, ac-tú-o. Kumweleza hivyo kwa maneno haikusaidia kitu, aliielewa na mdomo ukabaki pale pale. Kilichosaidia ni kumwambia aandike kwa Kiswahili anavyosikia Mhispania akitamka. Sisi u ikigongana na irabu nyingine mara nyingi tunaigeuza w, ku-ake inakuwa kwake, mu-alimu inakuwa mwalimu, na i inakuwa y, vi-ote vyote, vi-ama vyama. Basi puedo akaiandika pwedo, tiene tyene, cambio kambyo, bebió bebyo, estudio estudyo. Ghafla silabi zikapungua. Kambyo kwa jicho la Kiswahili ni silabi mbili, ka-mbyo, mkazo kwenye ka, na hapo Kiswahili chenyewe kinamweka mahali anapotaka Mhispania.

La nne linahusu wakati ujao. Cruzarán ni watavuka, cruzaran bila alama ni umbo lingine kabisa, la dhana, kama "wangevuka" kwenye sentensi ya "laiti" au "kama". Yeye zote zilitoka cruzáran... samahani, cru-ZA-ran, kwa hiyo wageni walikuwa wanapata ndoto badala ya ratiba. Nilimweleza ilikotoka maana anapenda kujua sababu: wakati ujao wa Kihispania umezaliwa na kitenzi kizima kuunganishwa na haber, kutoka Kilatini cha cantare habeo, cruzar + he ikawa cruzaré, cruzar + has cruzarás, cruzar + han cruzarán, na ndo maana mkazo uko kwenye mkia, ule mkia zamani ulikuwa neno linalojitegemea na Kihispania cha kale kiliweza hata kuchomeka kiwakilishi katikati, darte he. Alifurahia sana hiyo. Ila kwa kazini tukaamua aachane na umbo hilo kwa sasa, atumie van a cruzar, ambayo hata wenyewe kwenye maongezi ya kawaida wanaitumia sana. Hata akikosea mkazo wa cruzar hamna neno lingine la kuchanganya nalo.

La tano, amri. Huyu kazi yake ni kuamrisha kwa upole kutwa nzima: síganme (nifuateni), espérenme, quédense (bakini), siéntense. Akasema siGANme, espeRENme. Angalia Kiswahili kinachofanya: nifuate mkazo uko kwenye a, ukiongeza -ni mkazo unahama, nifuaTEni. Simama, simaMEni. Kila unapoongeza kitu nyuma mkazo unasogea. Kwa Kihispania kiwakilishi kinaning'inia nyuma na mkazo hautikisiki, esperen ni es-PE-ren, espérenme bado ni PE, na hata ukining'iniza viwili, díganmelo, bado ni di. Tukaamua kila amri aiseme kwanza tupu, halafu na kiwakilishi, akipiga meza kwa kidole palepale pa mwanzo.

## Matokeo

Hadithi ya simba ilinyooka mapema. Llegó, esperó, mató zikakaa, na kwa kuwa ile hadithi anaisimulia karibu kila safari basi vitenzi vyake vilizoeleka. Amri nazo zilinyooka, na nadhani kwa sababu hiyo hiyo, ni chache na anazirudia mpaka mwenyewe anachoka.

Zile irabu zilinyooka kupita kiasi. Baada ya kuzoea w na y akaanza kuunganisha kila kitu, había ikawa habya, comían ikawa komyan, na el río Mara ikawa el ryo Mara. Kumbuka hivi vyote vilikuwa vya bure mwanzoni, alikuwa anavisema sawa kabla hajanijua mimi! Na río sio kosa dogo, río ni mto (pia "nacheka"), lakini ukiiunganisha iwe silabi moja inakuwa rio, "alicheka". Hapo tukaongeza sharti moja, ukiona í au ú yenye alama karibu na irabu nyingine usiguse, iache iwe silabi yake. Kwa kusoma likamsaidia mara moja. Kwa kuongea huoni alama, kwa hiyo tukalifunga kwa umbo: chochote kinachoishia -ía, -ían, kiwe había au comería, ni cha Kiswahili, kiseme kama "kulia". Ikapona pole pole, ingawa mpaka leo akiharakisha habya inatoka.

Kilichobaki ni maumbo ya sisi: hablábamos, cruzábamos, habláramos, hablaríamos. Mkazo wa tatu kutoka mwisho. Akiwa ametulia anaweza, akinogewa na stori anasema cruzaBAmos. Wageni wanamwelewa, hamna neno jingine la kuchanganya nalo, kwa hiyo tumeliacha chini kwenye foleni.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutokuamini utambuzi wa mwanafunzi mwenyewe. Alisema wakati uliopita umemshinda. Kama tungerudia wakati uliopita wote tungerudia na llegaron na hizo na había ambavyo havina tatizo, tungechoka wote wawili, na cambio, ambayo ni wakati uliopo, isingeguswa kabisa. Kumrekodi akiongea ndo kulitofautisha anachokijua na anachokitamka, na hivyo ni vitu viwili. Karatasi yake ilikuwa na alama zote.

Jambo linalonifurahisha kwenye kisa hiki ni jinsi kanuni ya maandishi ya Kihispania inavyokaribiana na sheria yetu. Neno likiishia irabu, n au s, mkazo wa kawaida ni wa pili kutoka mwisho na haupigwi alama. Vitenzi vingi ukiacha jina lake la -ar, -er, -ir vinaishia hivyo hivyo. Kwa hiyo kwa mtu wa Kiswahili alama ya mkazo juu ya mató, hablarán au hablábamos inamwambia wazi wazi "hapa usifuate Kiswahili". Niliitumia hivyo mwanzoni na kwa vitenzi hivyo ilienda vizuri sana. Inakwama pale irabu zinapokutana, kwa sababu hapo alama inafanya kazi nyingine. Había ina alama na Kiswahili kiko sahihi. Cambio haina alama na Kiswahili kinakosea, maana kosa limetokea kabla, kwenye kuhesabu silabi, mkazo umefuata tu hesabu mbovu. Kwa hiyo mwalimu akitoa kanuni ya alama bila kwanza kushughulikia hesabu ya silabi anamwachia mwanafunzi shimo katikati ya barabara, na huyu ametumbukia humo akiwa na kanuni mkononi.

Ujanja wa w na y naona ulikuwa sahihi ingawa ulileta yale ya habya. Ulimpa kitu ambacho mdomo wake unakijua tayari tangu mwalimu na vyama. Kasoro yake ni kwamba ulitolewa peke yake, kwa diftongo tu, na mtu akipewa nyundo mpya anagonga kila msumari. Kwa mwanafunzi mwingine ningevileta pamoja siku moja, kambyo na envío zikikaa jirani, ili asikie moja inaunganika nyingine haiunganiki. Na hapo ni lazima kusema ukweli kwamba ukiangalia cambiar na enviar zenyewe hamna kinachokuonyesha ipi itafuata njia ipi, zote -iar. Cambiar, limpiar, estudiar, copiar, anunciar zinaungana. Enviar, confiar, variar, criar, esquiar zinatengana. Ni za kukariri. Kwa -uar kuna afadhali, zikitanguliwa na c au g zinaungana, averiguo, nyingine zinatengana, actúo, continúo, sitúo, na hata hapo evacuar siku hizi inakubalika kote kuwili, evacuo na evacúo. Na continuar yenyewe inatoa ile tatu bora kuliko zote, continúo naendelea, continuó aliendelea, continuo ya mfululizo. Ya kwanza alikuwa nayo bure, hizo mbili amezipata kwa w.

Kuna faida moja hatukuipanga. Alipoanza kusikia mkazo akaanza kuelewa vitenzi vya puedo podemos bila kukariri. Poder: puedo, puedes, puede, pueden, ila podemos, podéis. Kitabu kinaviita visivyo vya kawaida na kuvichorea kiboksi chenye umbo la buti, kumbe vinafuata mkazo tu. O fupi ya Kilatini ilipobeba mkazo ikawa ue, isipobeba ikabaki o, na e fupi hivyo hivyo ikawa ie, pierdo lakini perdemos. Siku moja akaniletea sauti ya mgeni wa Argentina anasema "vos podés" (wewe unaweza), akidhani kamkamata mwenye lugha anakosea. Nikamwambia sikiliza mkazo uko wapi. Kwao huko umbo la vos linapigwa mkazo mwisho, podés, tenés, perdés, kwa hiyo mzizi hauna mkazo na hauna sababu ya kugeuka. Akalimaliza mwenyewe kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Kuacha wakati ujao wa cruzarán nimeulizwa na mwalimu mwenzangu kama sio kukwepa. Ni kukwepa, ndio. Ila mtu ana wageni keshokutwa, na van a cruzar ni Kihispania halisi. Gharama yake ni kwamba kusoma anakutana nazo na kuzisikia anazisikia, na maskio yake bado hayajazoea kutofautisha esperará na esperara kwa kasi ya kawaida. Akitaka kufanya mtihani wa DELE (ule wa cheti cha Kihispania) wa ngazi za juu itabidi turudi huko, kwenye sehemu ya kusikiliza hataweza kubadilisha anachosema mwenzake.

Kitenzi kinachotupa shida mpaka sasa ni cha kazi yake mwenyewe, guiar, kuongoza. Yo guío ni ya Kiswahili, guí-o, hamna tatizo. "Aliongoza" zamani iliandikwa guió, na tangu Ortografía ya 2010 (kitabu cha kanuni za maandishi cha akademia za Kihispania) inaandikwa guio bila alama, kwa sababu akademia zimeamua kwa maandishi ihesabiwe silabi moja, na silabi moja haina alama, kama fue, vio na dio zilivyovuliwa alama mwaka 1959. Vivyo hivyo "niliongoza" imekuwa guie, haina tena alama ya guié, na guíe yenye alama ni ile ya amri ya heshima, "ongoza". Ila kwa midomo, Wahispania wengi wanaitamka silabi mbili, gui-ó, huku Mexico wengi wanaiunganisha moja. Mwanafunzi akaniuliza sasa yeye aseme ipi. Wageni wake wengi wanatoka Hispania, kwa hiyo tumekubaliana gui-ó mdomoni, guio kwenye meseji. Hiyo ndo amebandika kwenye dashibodi ya gari, pembeni ya kambyo na síganme.